UZI: Breki na springi za Mustang ya 1965–66 na magari mengine ya zamani ya Kimarekani. Anzeni na masta silinda, diski zitasubiri

#1 Mwambao_Ohio

Wakuu, salaam. Watu kadhaa wameniuliza faragha kuhusu breki za Mustang za mwanzo, na karibu wote wanataka kujua jambo moja: wanunue seti ipi ya diski. Naona bora nijibu hapa hadharani ili wengine nao wachangie.

Jibu langu: kabla ya diski, fungua boneti utazame masta silinda. Kama gari ni la 1965 au 1966 na halijaguswa, utakuta kikopo kimoja chenye kifuniko kimoja. Humo ndimo yanamokaa mafuta ya breki za magurudumu yote manne. Linatoka bomba moja, linaingia kwenye kigawanyio cha shaba, na hapo ndipo njia zinapoachana: mbele kushoto, mbele kulia, nyuma. Hosi moja ikipasuka, au bomba lililoliwa na kutu likitoboka chini ya sakafu, pedeli inazama na hakuna gurudumu hata moja linaloshika. Unabaki na hendibreki tu, nayo inavuta waya wa nyuma peke yake.

Si Ford pekee. Magari mengi ya Marekani ya miaka hiyo yalikuwa hivyo. Cadillac na Rambler walikwisha weka masta silinda ya vyumba viwili tangu 1962, lakini wengi walisubiri hadi magari ya 1967, sheria ya serikali kuu ikiwa mlangoni. Ilianza kufanya kazi Januari 1968. Mimi naishi Ohio, ambako kila majira ya baridi barabara zinamwagwa chumvi. Nikiinama chini ya gari la kale la huku, kitu cha kwanza ninachotazama ni mabomba. Yakiwa yamevimba na kutoa magamba, gari hilo haliendeshwi hata kwenda dukani.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni masta silinda ya vyumba viwili, ya aina iliyotumika kwenye Mustang ya 1967 yenye dramu pande zote. Inakaa kwenye bolti zilezile za ukuta wa injini. Bomba la nyuma unalitoa kwenye kigawanyio cha zamani, tundu lake unaliziba kwa plagi, kisha unalipeleka peke yake hadi kwenye chumba chake. Za mbele zinabaki palepale. Baada ya hapo, upande mmoja ukivuja upande wa pili bado unashika. Kazi hii ni ya mwisho wa wiki mmoja kwa mtu mwenye spana na subira, na gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na seti ya diski.

Mambo mawili msiyapuuze. Masta silinda mpya itolewe upepo ikiwa imebanwa kwenye jiliwa, kabla hujaifunga kwenye gari. Ukiruka hatua hiyo utakanyaga pedeli mchana kutwa na upepo hautaisha. Pili, fimbo inayosukuma pistoni iwe na nafasi kidogo sana pedeli ikiwa juu. Ikikaa imesukuma muda wote, tundu dogo la kurudishia mafuta linazibwa, breki zinapata moto na kujifunga zenyewe barabarani.

#2 Nyayo_Minneapolis

Asante sana kaka. Mimi ni yule dada mwenye coupe ya 1966, silinda sita. Nimekuelewa kuhusu masta silinda, ila swali langu liko palepale: kama nitafungua mabomba hata hivyo, si bora niweke diski za mbele mara moja? Kila mtu hapa Minnesota ananiambia dramu ni hatari.

#3 Mwambao_Ohio

Dada Nyayo, swali zuri, na ngoja nilijibu kwa urefu kwa sababu hapa ndipo hela nyingi zinapopotea.

Dramu za Ford za wakati ule zina ujanja ndani yake. Shuu (kiatu cha breki) ya mbele ikigusa dramu inayozunguka, inaburutwa na kuisukuma shuu ya nyuma, nayo inakandamizwa zaidi. Gari linajisaidia lenyewe kusimama. Ndiyo maana Mustang ya dramu bila haidrovaki (kifaa cha kuongezea nguvu ya mguu) inasimama kwa mguu mwepesi. Dramu nzima, zilizochongwa sawasawa, zenye shuu mpya zilizorekebishwa vizuri, zinasimamisha gari la kama kilo 1,200 mara ya kwanza bila shida yoyote. Tatizo ni mara ya tano na ya sita. Dramu ikipata moto inatanuka na kuikimbia shuu, halafu joto lenyewe halina pa kutokea. Diski ikipata moto inanenepa kuelekea kwenye pedi, na upepo unaipiga pande zote. Zaidi ya hayo, dramu ikiingia maji inashika upande mmoja kabla ya mwingine na gari linavuta.

Kwa hiyo diski ni bora, sibishi. Lakini diski haina ule ujanja wa kujisaidia. Kila kitu kinatoka mguuni kwako. Chukua hesabu hii. Tuseme unakanyaga kwa nguvu ya paundi 60 na pedeli inazidisha mara sita: paundi 360 zinafika kwenye masta silinda. Kama pistoni ina kipenyo cha inchi 1, eneo lake ni inchi za mraba 0.785, unapata psi (paundi kwa inchi ya mraba) karibu 460. Ukiweka ya inchi 7/8, eneo ni 0.601, unapata karibu 600. Mguu uleule, presha imeongezeka kwa karibu theluthi. Unalipia kwa mwendo wa pedeli, maana pistoni nyembamba inasukuma mafuta machache zaidi. Watu wananunua diski, wanaacha masta silinda nene bila haidrovaki, halafu wanalalamika eti gari linasimama vibaya kuliko zamani.

Yapo mengine. Masta silinda ya dramu mara nyingi ina vali ndogo inayobakiza presha ya kama psi 10 kwenye mabomba ili vikombe vya mpira visivute upepo. Vali hiyo ikibaki upande wa diski, pedi hazitaachia. Upande wa nyuma nako unahitaji vali ya kupunguza presha, vinginevyo ukikanyaga kwa nguvu magurudumu ya nyuma yanafunga kwanza na mkia unataka kupita mbele. Na masta silinda ya diski na dramu ina chumba kikubwa na kidogo: kikubwa ni cha diski, kwa sababu pedi zinavyokwisha zinavuta mafuta mengi.

Sasa gari lako. Silinda sita maana yake una nati nne kwa gurudumu na dramu za mbele za inchi 9. Za V8 ni nati tano na inchi 10. Diski alizouza Ford mwenyewe mwaka 1965, Kelsey-Hayes za pistoni nne, zilikuwa za V8. Kuhamia nati tano kiukamilifu kunataka spindo za mbele za V8, tairodi zinazolingana nazo, na ekseli ya nyuma pia, la sivyo utabeba tairi mbili tofauti za spea. Zipo seti zinazokuachia nati nne. Pima kwanza rimu zako, maana diski ya zaidi ya inchi 11 haiingii kwenye kila rimu ya zamani, na rimu za inchi 13 ndiyo kabisa. Ushauri wangu kwako: mwaka huu masta silinda, hosi zote tatu, silinda za magurudumu na shuu. Endesha msimu mzima. Kisha amua.

#4 Kaka_wa_Denver

Nakubaliana na Mwambao kwa mtu wa Ohio na Minnesota ambako ardhi ni sahani. Huku Colorado hesabu ni nyingine. Ukitoka kwenye handaki la Eisenhower kwenye barabara kuu ya I-70 ukielekea Denver, uko juu ya mita 3,300 na unashuka mteremko wa asilimia 6 hadi 7 kwa maili kadhaa. Nilikuwa na Falcon ya 1964 yenye dramu safi, mpya, zilizorekebishwa na fundi anayejua kazi. Nilikuwa gia ya chini na bado kufika katikati pedeli ilikuwa ngumu kama ubao na gari haliitikii. Si kwamba mafuta yamevuja. Pedeli iko juu, nguvu unatia, shuu zenyewe zimeteleza kwa moto.

Kwa mtu wa milimani diski za mbele si anasa. Ziwekwe pamoja na masta silinda ya vyumba viwili, siku moja.

#5 Mwambao_Ohio

Mkuu Denver, hapo sina la kupinga. Niongeze tu kwa wageni: kuna tofauti ya kufifia kwa shuu na kuchemka kwa mafuta. Pedeli ngumu isiyosimamisha ni shuu au pedi zimezidiwa na joto. Pedeli laini inayozama baada ya mteremko mrefu ni mafuta yamechemka na mvuke umeingia bombani. Tiba zake si moja.

#6 Maskati_Caprice

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi niko Maskati, asili yangu Unguja. Gari langu ni Chevrolet Caprice ya 1978. Huku Ghuba mnajua mapenzi yetu na Caprice. Diski za mbele ninazo tayari kutoka kiwandani, nyuma dramu. Maswali yangu mawili. Watu wananishauri niweke mafuta ya breki ya silikoni, DOT 5, kwa sababu ya joto. Je, ni sawa? Na bushi zangu za mpira zinapasuka haraka, niweke zile ngumu za plastiki?

#7 Mwambao_Ohio

Waaleikum salaam, ndugu yangu wa Maskati.

Kwenye mafuta, tuangalie viwango vyenyewe. DOT 3 mpya lazima ivumilie angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka, na ikishanyonya maji 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5 ni 260 na 180. Kwa namba peke yake silikoni inashinda. Lakini silikoni hainywi maji. Unyevu ukiingia hauchanganyiki, unatulia mahali pa chini kabisa, yaani kwenye kalipa (zinazobana pedi za diski) na silinda za magurudumu, na hapohapo unakula chuma na unachemka kwa nyuzi 100. Halafu inashika vipovu vidogo vya upepo, pedeli haiwi imara. Tena haichanganywi na DOT 3 wala 4 hata kidogo. Kuhamia huko kunataka mfumo usafishwe wote na mpira wote ubadilishwe. Faida yake kubwa ni kwamba haili rangi, ndiyo maana wenye magari ya maonyesho yanayolala gereji mwaka mzima wanaipenda. Wewe unaliendesha. Weka DOT 4, ibadilishe yote kila baada ya miaka miwili, na usiitumie chupa iliyokaa wazi. Angalia pia isikuponyoke: DOT 5.1 si ndugu wa DOT 5, yenyewe ni ya ukoo wa 3 na 4.

Bushi ngumu: kwa fimbo ya kuzuia gari kulala, weka bila wasiwasi, utaisikia faida kwenye kona ya kwanza. Kwa mikono (vyuma vinavyoshikilia magurudumu) ya chini ya mbele na ile ya nyuma, ningebaki na mpira mzuri. Caprice inathaminiwa kwa ulaini wake. Bushi ngumu zinaleta kelele za barabara ndani, zinalia zikikosa grisi yake, na kwenye mikono ya nyuma ambayo lazima ijipinde kidogo kwa pembeni zinaweza kuibana ekseli isicheze inavyotakiwa. Kabla ya kulaumu joto, uliza zilifungwaje. Nitalieleza hilo chini.

#8 Spana_Baltimore

Naingilia kidogo, mimi ni fundi kwa kazi. Jamani, shuu za miaka ile zilikuwa na asbesto. Mkifungua dramu ambayo haijafunguliwa muda mrefu, vumbi lile jeusi msilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Lilowesheni kwa dawa ya kusafishia breki, lidondokee kwenye beseni, vaeni barakoa inayofaa. Nimeona vijana wanapuliza huku watoto wamesimama mlangoni. Mapafu hayana spea.

La pili, shuu mbili za gurudumu moja hazifanani. Yenye gome fupi inakaa mbele, yenye gome refu inakaa nyuma. Zikigeuzwa, ule ujanja aliousema Mwambao unakufa na gari linavuta upande. Fungua upande mmoja tu kwa wakati, ule mwingine uwe ramani yako.

La tatu, mabomba. Yatumike ya chuma au ya mchanganyiko wa shaba na nikeli; haya ya pili yanapindika kwa urahisi na hayaliwi na kutu. Shaba tupu hapana. Ncha zikunjwe mara mbili kwa nyuzi 45. Viungio vya kubana, vile vya mabomba ya maji ya nyumbani, kwenye breki ni marufuku kabisa. Hosi za mpira nazo zinadanganya: nje nzima, ndani zimevimba. Mafuta yanapita ukikanyaga, hayarudi ukiachia. Gurudumu linabaki limeshika, watu wanabadilisha kalipa mbili tatu kumbe ni hosi.

Na kwa wenye Dodge na Plymouth: nyingi za kabla ya 1971 zina nati za kugeuza kinyume upande wa kushoto. Tazameni herufi L kwenye kichwa cha stadi kabla hamjaongeza urefu wa spana. Dart yangu ya 1968 ilinijia na stadi tatu zilizovunjwa na mtu asiyejua.

#9 Mwambao_Ohio

Spana, Mungu akuzidishie. Hilo la asbesto lilitakiwa liwe post ya kwanza.

Haya, springi na mikono. Mustang ya 1965–66 mbele ina springi ya koili iliyokaa juu ya mkono wa juu, ikiegemea mnara wa bati uliochomelewa kwenye bodi kando ya injini. Springi hiyo ikiwa imebanwa ina nguvu ya kuua. Itolewe kwa kifaa chake kinachoingia ndani ya koili, si kwa minyororo wala kwa kuikata kwa moto. Asiye na kifaa akiazime, asiyepata ampe fundi.

Bushi: mkono wa juu wa gari hili hauna mpira kwenye shafti yake, una bushi za chuma za nyuzi zinazotaka grisi. Zikikauka zinalia kila ukipita tuta, na plagi zake zimejificha vibaya, ndiyo maana nyingi hazijawahi kuona grisi. Mkono wa chini, kikalio cha springi na macho ya springi za nyuma za mabamba ndiko kuna mpira. Na hapa ndugu wa Maskati anisikilize: bolti za bushi za mpira zinakazwa kabisa gari likiwa limesimama kwa uzito wake, kwa kimo chake cha kawaida. Ukikaza magurudumu yakining'inia, mpira unafungwa ukiwa umelegea pale chini. Gari likishuka jeki, mpira unajipinda na kubaki umejipinda maisha yake yote. Unapasuka mapema na gari linakaa juu kuliko linavyotakiwa. Nusu ya malalamiko ya bushi mbovu ninayokutana nayo ni kazi ya namna hiyo.

Sasa uboreshaji wa bure, au karibu na bure. Mhandisi wa Ford, Klaus Arning, alionyesha kwamba ukishusha mahali mkono wa juu unapofungwa, gurudumu la nje linabaki limekanyaga vizuri gari likilala kwenye kona. Carroll Shelby, mtengenezaji wa magari ya mbio, akalifanya kwenye GT350, Mustang yake ya 1965. Ni kutoboa matundu mapya inchi 1 chini ya yale ya zamani kwa kutumia kigezo, na kufunga mkono hapo. Springi zilezile, mikono ileile. Sijui kitu kingine kwenye gari hili kinachorudisha faida kubwa hivyo kwa gharama ya drili. Ongeza fimbo ya mbele ya kuzuia gari kulala, ya inchi 1, na shokapu za gesi zisizo ngumu kupita kiasi, utashangaa.

Minara ile ya springi inachanika kwenye michomelo. Itazameni kabla ya kuongeza ugumu wowote. Ford alikuwa na kiungo cha kipande kimoja kinachofunga minara yote miwili na ukuta wa injini, akikiweka kwenye magari ya kwenda nje, barabara za huko zikiwa mbovu zaidi. Kinauzwa mpaka leo kwa bei nafuu, na kwa wenzetu wanaofikiria kupeleka gari nyumbani ndicho ningekifunga kwanza.

Nyuma, springi za mabamba zikishalala, msiongeze bamba kiholela. Nunueni jozi mpya na mbadilishe pande zote mbili.

Alaimenti: namba za kitabu cha 1965 ziliandikwa kwa tairi za zamani zenye nyuzi za mshazari. Kwa tairi za radiali mwambieni fundi kamba (gurudumu kulala ndani au nje ukilitazama kwa mbele) iwe kati ya sifuri na hasi nusu digrii, kasta (mlalo wa mhimili wa steringi ukitazama kwa ubavuni) chanya digrii 2 hadi 3, na tairi ziangalie ndani kwa inchi 1/8. Gari litanyooka barabarani, halitazurura tena. Kwenye 1965–66 hayo yanapatikana kwa kuweka vibati kwenye mkono wa juu. Kuanzia 1967 kuna bolti ya kuzungusha kwenye mkono wa chini, na kasta inarekebishwa kwenye fimbo inayoushikilia mkono huo kwa mbele. Fundi kijana asiyejua atakwambia haiwezekani kurekebishwa. Tafuta mzee.

#10 Kaka_wa_Denver

Vipi kuhusu kukata minara yote na kuweka mbele ya Mustang II, ile ya 1974–78? Unapata steringi ya reki, nafasi ya injini, na diski humohumo.

#11 Mwambao_Ohio

Kwa pikapu ya zamani au gari la miaka ya arobaini lenye ekseli nzima mbele, naona maana yake. Kwa Mustang ya mwanzo sioni. Minara hiyo ni sehemu ya nguvu ya bodi. Ukiikata, mzigo wote unaupeleka kwenye michomelo yako mipya, na gari la asili haliwezi kurudi. Kama huna haja ya kuweka injini pana sana, Arning na bushi nzuri vinatosha. Najua hutakubali, Denver, na gari ni lako.

#12 Nyayo_Minneapolis

Narudi na ripoti. Masta silinda, hosi, silinda za magurudumu na shuu zote ni mpya. Upepo nimetoa nikianzia gurudumu la mbali. Lakini pedeli inaenda chini sana ukikanyaga mara ya kwanza. Nikipiga mara mbili haraka inapanda na kuwa imara. Ni masta silinda mbovu?

#13 Spana_Baltimore

Hapana dada. Ukikanyaga na kushikilia, inazama polepole? Hapo ndipo ningeshuku masta silinda. Ikiwa inadunda kama mpira, ni upepo. Inayopanda kwa pampu na kubaki juu ni shuu ziko mbali na dramu. Zikaze kwa gurudumu la meno hadi uzisikie zinakwaruza kidogo, kisha rudisha nyuma kiasi. Halafu rudi nyuma na gari ukikanyaga breki mara kadhaa, kirekebishi kinajiongeza wakati huo.

#14 Nyayo_Minneapolis

Nimerudi nyuma mara nyingi, upande wa kulia unazidi kulegea badala ya kukaza.

#15 Spana_Baltimore

Basi skrubu za virekebishi zimebadilishana pande. Zina nyuzi tofauti, kushoto na kulia, na zimegongwa herufi L na R. Zilizo upande usio wao zinafungua badala ya kukaza. Fungua dramu zote mbili za ekseli hiyo, soma herufi, zirudishe kwao, paka grisi ya joto kidogo kwenye nyuzi, kaza kwa mkono kwanza. Usiendeshe barabarani hadi pedeli iwe juu kwa mara ya kwanza, injini ikiwa imezimwa na ikiwa inaunguruma.

#16 Nyayo_Minneapolis

Kweli, R ilikuwa kushoto na L kulia. Nimezirudisha. Pedeli iko juu kwa mkanyago wa kwanza na gari linasimama limenyooka. Kesho naanza na bushi za mkono wa chini. Bolti nitazikaza likiwa chini, kwenye magurudumu yake.